Raga ya New Zealand na Afrika ya Kusini

Wasikilizaji wetu, nanyi msomao, huenda wengi wenu hamjapata kuuona mchezo wa raga. Mpira wake una umbo la yai, huchukuliwa mikononi, na kila upande una watu 15 ambao huangushana chini kwa nguvu. Katika mchezo huo yako mataifa mawili ambayo kwa zaidi ya miaka mia yamekuwa kama mafahali wawili katika zizi moja: New Zealand, waitwao All Blacks, na Afrika ya Kusini, waitwao Springboks, kwa jina la swala wa kwao. All Blacks maana yake ni weusi watupu, lakini weusi huo ni wa mavazi, si wa ngozi. Ngozi ndiyo iliyoleta matata.

Walikutana kwanza mjini Dunedin, tarehe 13 Agosti 1921. New Zealand wakashinda 13 kwa 5, Springboks wakashinda shindano la pili, na katika la tatu hapana aliyepata hata pointi moja. Katika safari hiyo hiyo Springboks walicheza Napier na timu ya Wamaori, ndio wenyeji wa asili wa New Zealand, wakawashinda kwa shida, 9 kwa 8. Mwandishi mmoja wa gazeti akapeleka simu kwao Afrika ya Kusini, akinung'unika kwamba Wazungu wa New Zealand waliwashangilia Wamaori dhidi ya Wazungu wenzao. Habari ya simu ile ikavuja, ikapigwa chapa, na watu wengi wakachukizwa nayo.

Mtu angedhani kwamba baada ya hayo New Zealand wangeshikamana na watu wao. Haikuwa hivyo. Mwaka 1928, All Blacks walipokwenda Afrika ya Kusini mara ya kwanza, Wamaori waliachwa nyumbani. Mmoja wao alikuwa George Nepia, mlinzi wa nyuma, ambaye mwaka 1924, akiwa kijana wa miaka 19, alikwenda Uingereza na timu isiyoshindwa huko hata mara moja. Mtu wa namna hiyo akaachwa, ili wenyeji wa safari wasichukizwe! Mashindano yalikuwa manne, kila upande ukashinda mawili. Mwaka 1949 Wamaori wakaachwa tena, na All Blacks wakapigwa yote manne.

Mwaka 1960 watu zaidi ya 150,000 wa New Zealand walitia sahihi kupinga jambo hilo. Timu ikaenda vivyo hivyo. Safari ya 1967 ilivunjwa. Mwaka 1970 Wamaori wakakubaliwa kwa kuitwa Wazungu wa heshima, jina ambalo sisi twaliona kuwa tusi lililovikwa kanzu.

Ugomvi huo ulitufikia hata sisi wa Afrika Mashariki. Juni 1976 polisi waliwapiga risasi wanafunzi wa Soweto, na kabla ya mwezi kwisha All Blacks walikuwa wakicheza katika nchi ile ile. Nchi zaidi ya 20 za Afrika, pamoja na Tanzania, Kenya na Uganda, zikasusa michezo ya Olimpiki ya Montreal. Filbert Bayi wa Tanzania, aliyemshinda John Walker katika mita 1500 huko Christchurch mwaka 1974, hakukimbia. Walker wa New Zealand akatwaa dhahabu.

Springboks walipokwenda New Zealand mwaka 1981, wapinzani waliingia uwanjani Hamilton na mechi ikafutwa. Huko Auckland ndege ndogo ilidondosha mifuko ya unga juu ya wachezaji, nao wakaendelea kucheza. New Zealand wakashinda 25 kwa 22.

Ubaguzi ulipokwisha, Springboks walitwaa Kombe la Dunia mwaka 1995 kwa kuwashinda All Blacks 15 kwa 12, na mwaka 2023 wakawashinda tena katika fainali, 12 kwa 11, wakiongozwa na Siya Kolisi, Mwafrika mweusi. Chama cha raga cha New Zealand kiliwaomba radhi Wamaori walioachwa mwaka 2010. Nepia alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1986.