Uvuvi Mto Tana: Kwa nini chambo king'aacho hakifai Garissa

KURAMBAZA ni mbinu ya uvuvi ambamo mshipi huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda polepole, hata samaki akadhani chambo ni kiumbe hai kinachokimbia. Wavuvi wa pwani ya Kenya huitumia kumnasa nguru. Katika maziwa makubwa ya Marekani na Kanada, hutumiwa kumnasa trauti wa ziwani, samaki apendaye maji baridi ya kilindini.

Huko wavuvi hufunga vibati vya kumeremeta kwenye mshipi, umbali mfupi mbele ya ndoana. Chombo kiendapo, vibati huzunguka na kurusha nuru mithili ya magamba ya kundi la samaki wadogo. Trauti huvutwa na mmeremeto huo kutoka mbali. Akikaribia hukikuta chambo kinafuata nyuma, naye hukidaka. Vibati vyenyewe havinasi. Kazi yao ni kuita tu. Mbinu hii yote hutegemea maji maangavu, kwani samaki asiyeona haitiki.

Mto mmoja, maji tofauti

Mto Tana, ulio mrefu kuliko yote nchini Kenya, unaonyesha tofauti hiyo waziwazi. Mwaka 1905, mlowezi Ewart Grogan aliagiza mayai ya trauti kutoka Uskoti, na samaki hao wakapandwa katika Mto Gura, kwenye milima ya Aberdare. Maji ya Gura huishia Tana. Huko juu ni ya baridi na safi, na chambo bandia king'aacho hufanya kazi vyema.

Kufikia Garissa, mto umeteremka mamia ya kilomita. Mabwawa matano, kuanzia Kindaruma la mwaka 1968 hadi Kiambere la mwaka 1988, huzuia sehemu kubwa ya tope, lakini mto huokota udongo mwingine kwenye kingo zake na kutoka kwenye laga wakati wa mvua. Maji huwa ya joto na rangi ya kahawia. Trauti hawezi kuishi humo, na kibati hakionekani.

Samaki wa ndevu

Anayetawala maji hayo ni kambare. Wahenga walishasema kwamba katika nyumba ya kambare kila mmoja ana ndevu, na ndevu hizo nane ndizo zimwongozazo. Kwazo hupapasa na kuonja matope, akitafuta mlo gizani. Tena huweza kuvuta hewa ya juu ya maji, hivyo hustahimili vidimbwi vinavyokauka.

Kwa hiyo chambo chake ni cha harufu: nyungunyungu, matumbo ya kuku au vipande vya samaki. Mshipi hufungwa chubwi ili chambo kitue chini, mahali maji yanapotulia: nyuma ya gogo lililoanguka, kwenye kona ya mto au kwenye mlango wa laga.

Wamalakote, Wamunyoyaya na, chini zaidi, Wapokomo wameujua uvuvi wa mto huu kwa vizazi vingi. Kwa wafugaji wa Kisomali, riziki imekuwa ngamia, ng'ombe na mbuzi, na samaki hakuwa chakula cha kawaida. Ukame wa kati ya mwaka 2020 na 2023, ulioua mifugo zaidi ya milioni mbili nchini, umeonyesha hatari ya kutegemea riziki moja.

Mamba na mafuriko

Hata hivyo, kambare hula zaidi usiku, na mamba naye huwinda wakati huo huo. Anayesimama majini jioni akivua, au anayepasua samaki ukingoni, anajiweka hatarini. Njia iliyo salama zaidi ni kutega mishipi kabla jua halijatua, kuifunga kwenye mti imara ulio mbali na maji, kisha kuivuta asubuhi kukiwa kweupe.

Mafuriko nayo huleta neema na maafa. Kambare huzaliana kwenye nyanda zilizofunikwa na maji, na mafuriko ndiyo hujaza upya vidimbwi vya kando ya mto. Tangu Bwawa la Masinga likamilike mwaka 1981, mafuriko ya kawaida yamepungua. Yale makubwa hayajakoma: Aprili 2024 mashua iliyobeba abiria ilipinduka karibu na Madogo, ng'ambo ya Garissa, na watu kadhaa wakafa. Wakati huo si wa kuvua. Msimu mwema huanza maji yakishapungua, samaki wakibaki vidimbwini.

Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 humtaka mvuvi wa biashara awe na leseni, nayo hukataza sumu na baruti. Anayetaka kuanza Garissa hahitaji vifaa vya kumeremeta. Ndoana imara, mshipi mnene na chambo kinachonuka vinatosha.