Nyumba Badala ya Mahabusu: Hoja Dhidi ya Kumfunga Asiye na Makazi

Sheria inayomwadhibu mtu kwa kulala nje hujengwa juu ya dhana kwamba mtu huyo alikuwa na mahali pengine pa kulala akakataa kwenda. Pale dhana hiyo isipokuwa ya kweli, adhabu haimrekebishi wala haimtii hofu, kwa kuwa usingizi hauwezi kuahirishwa hadi nyumba ipatikane. Makala hii inatetea msimamo kwamba nyumba ya bei nafuu, yaani ile ambayo kodi yake haimnyang'anyi mpangaji fedha za chakula na matibabu, ndiyo njia ya haki na yenye mafanikio zaidi kuliko gereza.

Mji wa Grants Pass, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, uliwakataza watu kulala katika bustani za umma wakiwa na chochote cha kujikinga na baridi, hata blanketi. Faini ilikuwa dola 295, na isipolipwa ilipanda hadi dola 537.60, aliyerudia kosa aliweza kupigwa marufuku kuingia bustanini kwa siku 30, na akionekana humo tena alishtakiwa kwa kosa la jinai ambalo kifungo chake kilifikia siku 30. Tarehe 28 Juni 2024 Mahakama ya Juu ya Marekani, kwa kura 6 dhidi ya 3, iliruhusu kanuni hizo. Jaji Neil Gorsuch, aliyeandika uamuzi wa walio wengi, alieleza kwamba Marekebisho ya Nane ya Katiba, yanayokataza adhabu za kikatili na zisizo za kawaida, yanahusu aina ya adhabu na si mwenendo ambao serikali yaweza kuufanya kosa. Jaji Sonia Sotomayor alipinga, akishikilia kwamba kulala ni hitaji la mwili. Hata hivyo, uamuzi huo haukuulazimisha mji wowote kumfunga mtu, kwa hiyo jukumu la kuchagua limebaki kwa mabaraza ya miji.

Uchaguzi wa kuadhibu una kasoro nzito, nayo ni kwamba adhabu huzalisha hali ileile inayoadhibiwa. Mwenye nyumba nchini Marekani, kabla ya kukabidhi ufunguo, kwa kawaida huchunguza madeni ya mwombaji na rekodi yake ya makosa ya jinai. Faini isiyolipika humwongezea mtu deni, na kifungo, hata cha siku chache, humwachia rekodi na pengine kumpotezea kibarua alichokuwa nacho. Anatoka mahabusu akiwa mbali zaidi na nyumba kuliko alivyoingia, na usiku huohuo atalazimika kulala mahali fulani.

Wapo wanaosema kwamba tatizo ni ulevi, dawa za kulevya na maradhi ya akili. Hoja hiyo haifai kubezwa, lakini Gregg Colburn na Clayton Page Aldern, katika kitabu chao cha mwaka 2022, walipolinganisha miji ya Marekani waligundua kwamba matatizo hayo hayaelezi kwa nini Seattle na San Francisco zina wasio na makazi wengi kwa kuzingatia idadi ya wakazi kuliko Detroit, ilhali kiwango cha kodi na uhaba wa nyumba tupu vinaeleza. Ulevi unaweza kuamua ni nani atakayeanguka, ila kodi ndiyo inayoamua wataanguka wangapi.

Ushahidi wa wazi zaidi umetoka mji wa Denver, Marekani, ambako kuanzia mwaka 2016 watu waliokuwa wakikamatwa mara kwa mara walichaguliwa kwa bahati nasibu kupewa makazi saidizi, yaani nyumba ya kudumu inayoambatana na huduma za afya na ustawi wa jamii. Tathmini iliyotolewa na taasisi ya utafiti ya Urban Institute mwaka 2021 ilionyesha kwamba, wakilinganishwa na wenzao waliobaki na huduma za kawaida, walikamatwa kwa asilimia 40 pungufu na siku zao za mahabusu zilipungua kwa asilimia 27. Takriban nusu ya gharama ilifidiwa na matumizi yaliyoepukwa katika polisi, mahabusu na tiba ya dharura. Nusu iliyobaki ni gharama halisi, na watetezi wa nyumba hawana sababu ya kuificha, kwa sababu fedha hiyo hununua makazi, ilhali fedha ya gereza hununua kukamatwa tena.

Mjadala huu unaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja, kwani vifungu vya uzururaji katika sheria zake za jinai vina asili katika Sheria ya Uzururaji ya Uingereza ya mwaka 1824. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo zinakiuka Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kuvifuta vifungu hivyo ni lazima, lakini hakutoshi, kwa sababu aliyeachiwa huru bila chumba bado yuko barabarani. Kenya, ambayo tangu mwaka 2024 inakata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, ina fedha ya kuanzia. Lakini mpango unaomtaka mwombaji aweke amana na kununua kwa malipo ya miaka mingi haumfikii mtu anayelala kwenye baraza la duka, ambaye anahitaji chumba cha kupanga kwa kodi inayolingana na kipato chake cha siku.