Nanga na Wagonjwa wa Karagwe

Mnamo Novemba 1861, katika kikale, yaani makao ya kifalme, cha Omukama (mfalme) Rumanyika wa Karagwe huko Bweranyange, waliwasili wasafiri wawili kutoka Uingereza, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chimbuko la mto Nili. Na Januari iliyofuata Speke aliposhika njia ya Buganda, Grant alibaki nyuma, kwa kuwa mguu wake ulikuwa umevimba na kutunga usaha hata asiweze kuukanyagia. Alikaa kitako hadi Aprili, waganga wa Karagwe wakimchanja na kumpaka dawa nyeusi ya unga, na kwa kuwa mgonjwa asiyeondoka hana budi kusikiliza, kitabu alichokichapisha 1864 kimetuhifadhia habari za ngoma na ala za nchi ile, na miongoni mwazo nanga, ambayo yeye aliihesabu kuwa na nyuzi saba au nane.

Nanga ya Wanyambo na ya jamaa zao Wahaya huchongwa katika gogo moja, likawa mfano wa sinia refu lenye kina kidogo. Kisha uzi mmoja wa mshipa wa ng'ombe huvutwa huku na huko katika mapengo ya ncha zake mbili, hata ule uzi mmoja ukatoa sauti nyingi. Mpigaji huipakata, au huiweka chini mbele yake, akaimba nasaba na vita vya wafalme. Na Profesa Mugyabuso Mulokozi, aliyezichunguza tendi hizo kwa makini katika tasnifu yake ya 1986, amethibitisha kuwa ni fasihi adhimu, isiyopungua hadhi mbele ya tendi za mataifa mengine. Lakini muziki wa nchi hii haukuwa wa kuwatukuza wafalme tu. Katika ibada ya mizimu iitwayo kubandwa, ilipoombwa mizimu kama Wamara na Mugasha, mgonjwa aliketishwa katikati ya jamaa zake, manyanga yakatikiswa, mmoja akaanzisha wimbo na wote wakaupokea. Nami naona, bila ya kuitetea itikadi yenyewe, kwamba mtu aliyeimbiwa na ukoo wake mzima hakuachwa peke yake na maumivu yake.

Huko Mtagata, katika nchi ambayo tangu 2012 ni wilaya ya Kyerwa, msafiri Stanley alikuta mwaka 1876 umati wa wagonjwa waliotoka Karagwe na nchi jirani kuoga katika chemchemi za maji ya moto. Uganga wa zama hizo, basi, ulikuwa wa hadhara.

Zilipokuja misheni, kubandwa kulikatazwa, na uganga ukahamia wodini: Nyakahanga kwa Walutheri, Isingiro kwa Wakatoliki. Sina neno la lawama juu ya dawa, maana saratani haiponywi kwa nanga. Alipoandika daktari Denis Burkitt mwaka 1958, kutoka Kampala, habari za uvimbe wa taya uliowaua watoto wa Afrika Mashariki, hapakuwa na tumaini kubwa. Miaka michache baadaye dawa za sindano zikaanza kuuyeyusha uvimbe ule, na leo wengi hupona wakiwahishwa. Ila matibabu hayo yako mbali. Mtoto wa Kyerwa mwenye saratani hupelekwa Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa 1971, akakaa huko miezi, mama yake akiwa pembeni na baba, babu na wenzake wa kucheza wamebaki nyumbani. Na wimbo wa kwao hukatika siku ile apandapo gari.

Watu wa kale walilijua hitaji hili la mgonjwa kuimbiwa, hata mbali na Karagwe. Sultani Bayezid wa Pili alijenga hospitali mjini Edirne, Uturuki, mwaka 1488, na msafiri Evliya Çelebi aliyefika karne ya kumi na saba alisimulia kuwa waimbaji na wapigaji kumi waliwatumbuiza wagonjwa humo mara tatu kila wiki, kwa sharti la wakfu. Na katika zama zetu, wauguzi huko Hanoi waliwapima watoto 40 wenye saratani ya damu, wa miaka 7 hadi 12, waliokuwa wakichomwa sindano ya uti wa mgongo: wote walivalishwa visikizio masikioni, nusu yao wakasikia muziki na nusu wasisikie kitu. Matokeo, yaliyotolewa 2010, yalionyesha kuwa waliosikia muziki walipungukiwa na maumivu na hofu, na hata mapigo ya moyo yalitulia.

Nisomapo habari hiyo nawaza juu ya wazee wa Karagwe wajuao bado kuipiga nanga. Nusu saa ya mmoja wao, ikirekodiwa kwa simu, yatosha kusafiri hadi Mwanza mfukoni mwa mama, pamoja na sauti ya babu akimtaja mjukuu wake kwa jina; nayo yataka tu muuguzi wa kukubali wimbo huo uchezwe kabla ya sindano kuingia.