Mpunga wa Chekereni na Safari Ndefu ya Maji ya Wajapani

Majaruba ya mpunga ya Chekereni, kusini mwa mji wa Moshi, yana kipimo kimoja: mita 100 kwa 30. Upande mmoja wa jaruba unapita mfereji wa kuleta maji, upande wa pili mfereji wa kuyatoa, ili mwenye shamba asilazimike kupitisha maji kwa jirani yake. Anayeshuka kutoka Old Moshi au Kilema, alikozoea kihamba chenye migomba, kahawa, magimbi na mringaringa vikisongamana chini ya kivuli kimoja, anatambua mara moja kwamba ardhi hii ilichorwa kwanza kwenye karatasi, ndipo ikachimbwa.

Karatasi hiyo ilichorwa na Wajapani. Katika miaka ya 1970, baada ya madaraka kupelekwa mikoani, serikali ya Mwalimu Nyerere iliwaomba wafadhili mbalimbali wasaidie kila mmoja mkoa wake au mikoa yake. Wajerumani wakaenda Tanga, Wanorwe Rukwa, Wafini Mtwara na Lindi. Kilimanjaro ikawa ya Wajapani. Shirika lao la ushirikiano wa kimataifa, JICA, lililoundwa mwaka 1974, liliandaa mpango wa maendeleo wa mkoa mzima, wenye viwanda vidogo vya Moshi mjini na kilimo cha umwagiliaji cha tambarare. Ushirikiano wa kilimo ulianza mwaka 1978 na kituo kikajengwa Chekereni. Kati ya 1984 na 1987, kwa mkopo wa yeni, yakajengwa mabanio kwenye mito ya Rau na Njoro, mifereji ya zege na majaruba. Skimu ya Lower Moshi ilipangiwa hekta 2,300, na 1,100 kati ya hizo zikawa za mpunga, katika Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na Oria.

Japani haikuwa ngeni kabisa kwa watu wa huku. Meli za kampuni ya Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za Afrika Mashariki mwaka 1926, na katika miaka ya 1930 nguo za pamba za Kijapani zilijaa madukani kwa bei ambayo viwanda vya Uingereza vilishindwa kushindana nayo. Baada ya vita, khanga nyingi zilizovaliwa Moshi, Tanga na Mombasa zilichapwa Japani. Lakini khanga hununuliwa, ikavaliwa, ikachakaa. Mpunga wa majaruba hauji hivyo. Unakuja pamoja na namna nzima ya watu kuishi na majirani zao, na hapo ndipo historia ya Japani inapotuhusu sisi wa Kilimanjaro kuliko tunavyodhani.

Kilimo cha mpunga wa majaruba kiliingia Japani kutoka bara la Asia, kupitia kaskazini mwa kisiwa cha Kyushu, karne nyingi kabla ya Kristo. Pale Itazuke, katika mji wa Fukuoka, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mashamba yenye mifereji na mabanio ya miti kutoka zama hizo. Mwaka 1943, wakati wa vita, mafundi waliokuwa wakijenga kiwanda huko Shizuoka walifukua mabaki ya kijiji cha Toro, chenye umri wa karibu miaka 2,000. Kingo za majaruba yake zilikuwa zimezuiwa kwa mbao na vigingi, vimesimama kwenye tope kwa safu. Kwa hiyo tangu mwanzo Mjapani hakuwa mkulima wa mpunga tu. Alikuwa mchimba mfereji na mtunza kingo.

Zama za Edo zilipofika, kuanzia 1603, mpunga ulikuwa kipimo cha utawala wenyewe. Utajiri wa mtemi haukuhesabiwa kwa dhahabu. Ulihesabiwa kwa koku, kipimo cha mchele cha lita 180 hivi, kiasi kilichodhaniwa kumtosha mtu mmoja kwa mwaka. Ukoo wa Maeda, uliotawala Kaga na rasi ya Noto, ulisifika kwa ardhi yenye zaidi ya koku milioni moja. Kodi ililipwa kwa mchele na samurai walilipwa kwa mchele. Katika nchi ya namna hiyo, anayeshika maji ameshika kila kitu, na vijiji viligombana.

Mfano ulio wazi uko karibu na Tokyo, katika mfereji wa Nikaryo, uliochimbwa kati ya 1597 na 1611 kuchota maji ya mto Tama. Mwaka 1821 ukame ulipiga, maji yakazuiwa juu, huko Mizonokuchi, na vijiji vya chini vikabaki na miche inayokauka. Wakulima kwa maelfu walipanda hadi Mizonokuchi wakabomoa nyumba. Ugomvi wa mfereji ule haukwisha kwa hukumu ya watawala wala kwa mawaidha. Suluhisho la kudumu lilikuja mwaka 1941, lilipojengwa pale Kuji birika la zege la mviringo. Maji yanapitishwa chini, yanaibuka katikati ya birika, yanatulia, kisha yanamwagika pande zote juu ya ukingo. Ukingo umegawanywa kwa kuta, na urefu wa kila kipande unalingana na ukubwa wa mashamba yanayokitegemea. Mwenye shamba anafika, anatazama, anaona fungu lake na la mwenzake. Hakuna haja ya kumwamini mtu. Kutoka fujo za 1821 hadi birika hilo ni miaka 120, kwenye mfereji mmoja.

Nimekaa kwenye habari hii ya Kuji kwa makusudi. Wengi wetu tukiwaona wataalamu wa Kijapani na vipima-ardhi vyao tunadhani nidhamu ya maji ni tabia waliyozaliwa nayo. Ni kitu walichokipata kwa kuumizana, na baada ya vita kuu wakakiwekea sheria: tangu 1949 wakulima wenyewe, wakiwa kwenye vyama vya eneo lao, ndio wanaomiliki mipango ya mifereji na kulipia matengenezo.

Mlimani kwetu nako nidhamu hiyo ilikuwepo, na haikuletwa na mfadhili. Mmishonari Charles New alipopita Uchaggani mwaka 1871 alistaajabia mifongo, mifereji inayochota maji kwenye makorongo ya juu na kuyatembeza kwa maili nyingi kandokando ya matuta ya mlima, bila kifaa cha kupimia mteremko zaidi ya jicho na maji yenyewe. Banio lilijengwa kwa mawe, matawi na majani. Mfongo ulikuwa wa ukoo wa aliyeuchimba, na msimamizi wake alipanga zamu: nani anafungua alfajiri, nani jioni, maji ya usiku yajaze bwawa gani. Siku ya kuzibua mfongo kila nyumba ilitoa mtu. Asiyetoka alitozwa faini, mara nyingi pombe, na akishupaa alinyimwa maji. Migomba, mbege ya wazee, kisha kahawa iliyoingia na wamisheni mwishoni mwa karne ya 19, vyote vilisimama juu ya utaratibu huo.

Kahawa ndiyo iliyoufikisha mlima huu vinywani mwa Wajapani. Filamu ya Hollywood ya mwaka 1952 yenye jina la theluji za Kilimanjaro ilipoonyeshwa Japani, jina la mlima lilishika, na wauza kahawa wakalidaka. Kwa kanuni zao, arabika ya Tanzania inaweza kuuzwa kwa jina la Kilimanjaro isipokuwa ile ya Bukoba. Kahawa ya Mbinga au Mbozi inaingia Tokyo ikiwa imevaa jina la mlima usioonekana kutoka ilikolimwa. Mkulima wa Marangu ana haki ya kuliona jambo hilo kwa uchungu. Hata hivyo, wanunuzi wa Japani wamekuwa miongoni mwa wateja waaminifu zaidi wa mnada wa Moshi, na buni ya mlimani wanayoipenda ni ile iliyomenywa na kuoshwa kwa maji. Kwa vizazi, maji hayo yalitoka kwenye mfongo.

Turudi tambarare. Chekereni kilikuwa kijiji cha ujamaa, kimekusanya watu wa asili tofauti, mbali na koo zilizomiliki mifongo ya juu. Wataalamu waliwafundisha hatua kwa hatua: kuandaa kitalu, kuvuruga udongo kwa trekta hadi uwe tope laini, kusawazisha, kisha kupandikiza miche kwa mstari kwa kamba iliyotiwa alama. Kusawazisha ndiko kulikowasumbua wengi na ndiko kulikokuwa na siri. Kona moja ya jaruba ikiinuka kwa kina cha kiganja, pale maji hayafiki, magugu yanaota na mbolea inapotea. Kona iliyozama inaozesha miche. Jaruba likikaa sawa kama meza, maji machache yanalifunika lote. Mbegu yenyewe haikuwa ya Kijapani. Ilikuwa IR54, kutoka taasisi ya utafiti wa mpunga iliyoko Ufilipino. Mavuno yalipanda hadi zaidi ya tani 6 kwa hekta, wakati wastani wa nchi ulikuwa karibu tani 2.

Watu walijenga nyumba za matofali na kusomesha watoto kwa mpunga huo. Na majirani walikuwa wanatazama.

Mahesabu ya maji ya skimu yalifanywa kabla watu wa vijiji vya juu ya mabanio hawajaonja faida ya mpunga. Walipoona magunia yanavyotoka Chekereni, nao wakachimba mifereji, wakatengeneza majaruba, wakapanda kwa mstari. Maji ya Rau yakawa yanaishia njiani. Katika miaka ya 1990 sehemu kubwa ya zile hekta 1,100 haikuweza kupandwa mpunga kwa msimu mmoja, na majaruba yenye mifereji ya zege yalilala makavu huku mifereji ya udongo ya juu ikitiririka. Fred Lerise, katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu siasa za ardhi na maji Kilimanjaro, alikichunguza kijiji hiki kwa kina, na yeyote anayepanga mradi wa umwagiliaji nchini angefanya vyema kukisoma.

Kwenye mazungumzo ya skimu, wakulima wa juu huitwa wavamizi, hata wezi wa maji. Mimi siwaiti hivyo. Walikuwa wanafunzi bora wa Chekereni: walijifunza bila kusajiliwa, bila mkopo, bila mtaalamu, na walifanya kile ambacho mradi ulitaka wakulima wafanye. Kosa lilikuwa la kuchora mpaka wa mradi pale mfereji wa zege unapoanzia, ilhali mto unaanzia mbali juu, kwenye msitu wa mlima na chemchemi, na njiani una wenyewe. Wajapani walileta mfereji wa Nikaryo bila birika la Kuji. Sisi nasi tulikuwa na msimamizi wa mfongo mlimani, hatukumwita mezani.

Kazi iliyofanywa Chekereni, hata hivyo, ilivuka mipaka ya skimu. Kituo kiligeuzwa chuo cha mafunzo ya kilimo, KATC, mwaka 1994, na kwa miaka mingi kimepokea wakulima na maofisa ugani kutoka skimu za mikoa mingine. Mradi wa mpunga wa TANRICE ulipoanza mwaka 2007, ufundi wa tambarare ya Moshi ulienezwa nchini kote na wakufunzi Watanzania. Mwaka 2008, mjini Yokohama, ulipozinduliwa mpango wa kuongeza maradufu mpunga wa Afrika kutoka tani milioni 14 hadi 28 kwa miaka 10, Tanzania ilikuwa tayari na walimu.

Mlimani nako hakukusahaulika. Mwaka 2011 shirika la FAO lilikitambua kihamba cha Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia. Mwaka huohuo zilitambuliwa pia sehemu mbili za kwanza za Japani, kisiwa cha Sado na rasi ya Noto, ile iliyokuwa ya akina Maeda, yenye majaruba madogo zaidi ya 1,000 yaliyopangwa kwenye mteremko unaoishia baharini. Huko Noto vijana wameondoka na mashamba yamebaki kwa wazee. Tetemeko la Januari 1, 2024 liliyapasua majaruba mengi, na wenyeji wanayarudishia moja moja. Shimbwe nako vijana wanashuka mjini, na mfongo usiozibuliwa kwa misimu michache hufukiwa na udongo.

Kwa upande wa mgao wa maji, sheria hazikosekani. Ile ya rasilimali za maji ya mwaka 2009 inatambua jumuiya za watumia maji, na ile ya umwagiliaji ya 2013 imeunda tume ya taifa. Vibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, ambayo makao yake yako hapahapa Moshi. Lakini kibali ni namba ya lita kwenye karatasi, na mkulima haioni namba hiyo anaposimama mtoni mwezi wa Januari. Rau unahitaji mgao unaoonekana kwa macho, uliojengwa kwa zege kwenye banio, wenye vipande vilivyokubaliwa kwa hekta na watu wa juu na wa chini pamoja, wenye mifongo wakiwemo. Ujenzi wake si mkubwa, mafundi wa chuma na zege wamejaa Moshi, na wahandisi wa Kijapani wanaoujua mfano wa Kuji wangeitikia wakiombwa. Kinachotakiwa kuanza ni kikao, na kifanyike kiangazi hiki, kabla vitalu vya msimu ujao havijamwagwa mbegu.