Hadithi Fupi na Insha katika Sekondari za Marekani

Mwaka 1874 Chuo Kikuu cha Harvard kiliwataka waombaji waandike insha fupi juu ya vitabu vilivyotajwa mapema. Shakespeare na Walter Scott walikuwamo. Mmarekani hata mmoja hakuwamo. Sekondari zikafundisha kwa kufuata mtihani, kama kawaida ya shule popote.

Baadaye hadithi fupi za Kimarekani zilipata nafasi, kwa kuwa nyingi humalizika ndani ya kipindi kimoja. Katika “The Tell-Tale Heart” ya Edgar Allan Poe (1843), muuaji anasisitiza kwamba ana akili timamu. Aaminiwe? Mwanafunzi hutoa dai, kisha hulithibitisha kwa maneno ya msimulizi mwenyewe. Kuandika hayo kwa insha ya aya tano kulirahisisha usahihishaji, ingawa mara nyingi kulidumaza fikra.