Yako au Yenu: Howard Hawks kutoka Chicago hadi Ngorongoro

Mji wa Karatu huishi kwa wapita njia. Magari ya watalii yapandayo Ngorongoro hujaza mafuta hapo, kisha huushika mlima, na Wairaqw wenye mashamba ya ngano na mahindi huyatazama yakipita. Ndiko nilikoitazama kwa mara ya kwanza, katika nyumba ya wageni, filamu kongwe ya majambazi ambayo mimi, mtu wa kisiwani mpenda sinema, sikuwahi kuiona: *Scarface* ya mwaka 1932.

Kisa ni cha Tony Camonte, jambazi wa Chicago aliyefinyangwa kwa mfano wa Al Capone na kuigizwa na Paul Muni. Anapanda cheo kwa kuwaua wakubwa zake. Kila mauti inapokaribia, mwongozaji hupenyeza alama ya X mahali fulani, mara kivuli ukutani, mara mbao za dari. Mpenzi wa tungo hatakosa kuifurahia hila hiyo, kwani ni kibwagizo, ila kinaonwa badala ya kusikiwa.

Kilichonishika zaidi ni bango la taa nje ya dirisha la Tony: dunia ni yako. Ni tangazo la Cook, kampuni ya safari za watalii! Jambazi hulisoma kama ahadi aliyopewa yeye peke yake, na chini ya bango hilo ndipo anapoangushwa kwa risasi za polisi. Jaribu kulitafsiri, msomaji. Kiingereza kina neno moja kwa mmoja na kwa wengi. Kiswahili hukulazimisha uchague, yako au yenu. Kampuni iliwaita wateja wake wote. Tony alisikia *yako*.

Wakaguzi wa Marekani hawakuivumilia. Filamu iliyokwisha kupigwa mwaka 1931 ilicheleweshwa, ikaongezewa jina la pili la kutangaza aibu ya taifa, ikaundiwa hata mwisho mwingine ambamo Tony ananyongwa, uliopigwa bila Muni mwenyewe. Walichelea mtazamaji asije akamhusudu mnyang'anyi.

Mwongozaji huyo, Howard Hawks, ndiye aliyekuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960 kupiga *Hatari!* katika nchi ya Arusha, Manyara na Ngorongoro. Neno letu, tulilolipata kwa Waarabu, likapachikwa alama ya mshangao. John Wayne anaongoza kundi la wakamata wanyama wa kuuzwa kwenye bustani za ng'ambo. Faru na twiga wanakimbizwa kwa malori na kutiwa kitanzi, na waigizaji walifanya wenyewe sehemu kubwa ya kazi hiyo. Sidai kwamba walikuwa wezi, maana biashara ile ilikuwa halali. Lakini umbo la genge ni lile lile: wanaume wachache, mkubwa asiyepingwa, magari ya kasi, kitu cha kutwaliwa. Safari hii jina la aibu halikuongezwa. Wenyeji wamo, tena kuna Warusha wanaompa mgeni wa Kiitalia jina la Mama Tembo, ila majina yao wenyewe hayabaki masikioni. Mjerumani Hardy Krüger aliipenda nchi akanunua shamba Momella, chini ya mlima Meru. Baadaye huko kukafunguliwa hoteli ya watalii iitwayo Hatari.

Kamera zilipofika, sheria iliyoanzisha hifadhi ya Ngorongoro ilikuwa na umri wa mwaka mmoja na ushei. Ilikuwa ya 1959, nao Wamaasai walioondoshwa Serengeti waliahidiwa kwamba Ngorongoro wataishi na mifugo yao. Ahadi hiyo ilisemwa kwa wingi: yenu. Filamu ilipotoka mwaka 1962, Tanganyika ilikuwa imekwisha kupata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Waliokaa ndani ya kreta waliondolewa mwaka 1974, na serikali iliyowaondoa haikuwa ya Mwingereza. Tangu mwaka 2022 familia nyingi za Ngorongoro zimehamishiwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali imesema zimehama kwa hiari. Wamaasai wengi wamelikana neno hilo hadharani.