Mizani, Daftari na Mwanachama

Katika kitabu hiki cha ukumbusho wa miaka 10 ya Muungano wetu, wanachama watasoma habari nyingi za marobota na maghala. Mimi nimeombwa kueleza habari za elimu, nami naanzia kwenye mizani, maana ndiko ulikoanzia ushirika wa wakulima wa pamba wa kandokando ya Ziwa Victoria.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mkulima alichukua pamba yake hadi gulioni kwa mfanyabiashara, akasimama mbele ya mizani asiyoweza kuisoma. Aliambiwa ratili kadhaa, akapokea fedha, akaenda zake na shaka moyoni. Ndipo wakulima walipoamua kuweka wapimaji wao wenyewe, watu wajuao tarakimu, ili wahakikishe uzito. Kutokana na mwamko huo, kwa uongozi wa Bwana Paul Bomani, vyama viliungana mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Victoria.

Lakini kumwamini mpimaji si sawa na kuisoma mizani mwenyewe. Vyama vilikua upesi kuliko elimu ya wenye vyama. Chuo cha Ushirika kilianzishwa Moshi mwaka 1963 kuwafundisha watumishi. Hata hivyo Kamati Maalum ya Rais, iliyochunguza ushirika mwaka 1966, ilitaja miongoni mwa kasoro kubwa uhaba wa watumishi wenye ujuzi, na wanachama wasioelewa mambo ya chama chao. Kwa maoni yangu hili la pili ndilo zito zaidi: karani asiyefaa huondolewa, bali mwanachama ndiye mwenye mali.

Mwaka 1968 Serikali na UNESCO walianza mpango wa kisomo chenye manufaa katika mikoa ya Ziwa, makao yake yakiwa Mwanza. Mkulima alijifunza herufi kwa maneno ya kazi yake ya pamba. Mwaka 1975 watu wazima wasiojua kusoma nchini walikadiriwa kuwa 39 kwa mia. Kufikia 1986 hawakufika 10 kwa mia. Ajabu ni kwamba vyama vikuu vilivunjwa mwaka 1976, na sheria ya kuvirudisha ikaja 1982. Wengi walipata kusoma wakati ambao hapakuwa na daftari la Muungano la kusomwa.

Hesabu zetu za mwaka huu zimechapwa kwa Kiswahili mwishoni mwa kitabu hiki, na kila chama cha msingi kimepelekewa nakala.